NGO kumi, kijiji kimoja: kushirikiana kwenye afya ni nini hasa?

Tangu Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, na baadae shirika lake la USAID kufungwa rasmi tarehe 1 Julai mwaka huohuo, mazungumzo kuhusu NGO, yaani mashirika yasiyo ya kiserikali wala ya faida, yamekuwa mengi sana na mengi yanachanganya mambo. Kuna anayesema bora ziondoke zilikuwa zinakula hela tu, kuna anayesema zikiondoka watu wanakufa, mwingine anauliza kwani serikali ilikuwa wapi siku zote hizo. Halafu kila kikao cha afya siku hizi kinaishia kwenye neno lilelile, "tushirikiane". Sawa, tushirikiane. Ila nani ashirikiane na nani, kwa namna gani, na yule mama anayekaa mbali na zahanati anapata nini cha tofauti baada ya hapo? Hilo ndo nataka tulifungue polepole, maana tunabishana sana kuhusu hela na majina ya mashirika wakati swali la msingi ni jingine kabisa: hayo mashirika yanafuata mpango wa nani?

Kwanza tuelewane maneno. Shirika lisilo la faida sio shirika lisilo na hela wala sio shirika ambalo watu wake hawalipwi mshahara. Maana yake ni moja tu, kwamba hela ikibaki mwisho wa mwaka hakuna mwenye hisa wa kugawiwa, inarudi kwenye kazi. Na chini ya jina hilo kuna kila kitu: shirika kubwa la kimataifa lenye ofisi nchi kibao, hospitali ya dini, chama cha wagonjwa wa kisukari, kikundi kidogo cha akina mama wanaotembelea wajawazito mtaani kwao. Ndo maana mtu akisema "NGO ziko hivi" au "NGO ziko vile" inabidi umuulize, zipi?

Huduma ya afya ya jamii ni ile inayoanza kabla mtu hajafika hospitali kubwa. Chanjo, kliniki ya wajawazito, dawa ya malaria na ya kuhara, kupima presha, kumfuatilia mgonjwa wa kifua kikuu amalize dozi yake. Mwaka 1978 wajumbe wa nchi 134 walikutana Alma-Ata, mji ambao leo unaitwa Almaty huko Kazakhstan, wakakubaliana kwamba huduma za aina hii ndo msingi wa afya ya watu wote, na kwamba watu wenyewe wana haki na wajibu wa kushiriki kuzipanga na kuziendesha. Hilo la pili linasahaulika haraka sana, nitalirudia huko mbele.

Na kuifikia huduma ni nini? Wengi tukisikia "kusogeza huduma" tunawaza jengo. Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, wakiangalia kwanini wajawazito wanakufa, walieleza kuwa kuchelewa kuko kwa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kituoni, na ukishafika, kuchelewa kuhudumiwa. Mimi naona hii ni njia nzuri kuliko zote ya kuelewa jambo zima, na haihusu uzazi tu. Mtu anaweza kukaa karibu kabisa na kituo lakini haendi kwa sababu anaogopa gharama au hajui kwamba dalili alizonazo ni za hatari, au mume hajaruhusu. Mwingine anajua kila kitu ila hana usafiri. Mwingine anafika halafu anakuta dawa zimeisha na nesi yuko peke yake na foleni mpaka nje. Jengo jipya linapunguza kuchelewa kwa aina ya pili tu, tena kidogo. Ile ya kwanza inahitaji mtu anayeaminika mlango kwa mlango, na ya tatu inahitaji dawa, vifaa na wataalamu wanaolipwa. Ni nadra sana shirika moja liweze yote matatu peke yake, hata serikali nyingi haziwezi. Hapo ndipo haja ya kushirikiana inapotokea, sio kwenye picha za kusaini makubaliano.

Sasa mbona sehemu nyingine mashirika ni mengi na bado huduma ni mbovu? Fikiria watoto wadogo wakicheza mpira. Wote wanakimbilia mpira ulipo, beki yuko mbele, kipa kaacha goli, kila mmoja anakimbia kwa nguvu zake zote na kila mmoja ana nia njema kabisa, lakini uwanja karibu wote uko wazi. Mashirika mengi yasiyoongea yanafanya hivyohivyo. Ugonjwa wenye ufadhili ndo mpira, na wilaya yenye barabara nzuri ndo sehemu wanaporundikana.

Msumbiji walipitia hili vibaya sana. Vita vilipoisha mwaka 1992 mashirika ya nje yaliingia kwa wingi, na mtafiti James Pfeiffer aliyefanya kazi huko alieleza kilichotokea kwenye mfumo wa afya: kila shirika lina mradi wake, magari yake, ripoti zake, semina zake, na wataalamu wachache wa serikali wanahama kwenda kwenye mishahara mikubwa ya mashirika au wanashinda kwenye warsha kwa ajili ya posho, maana mshahara wao ulikuwa hautoshi kuishi. Usiwalaumu hao wahudumu. Mtu mwenye watoto atafanya hivyo popote pale. Lakini angalia matokeo, mashirika yalikuja kusaidia vituo vya afya na kwa namna yalivyokuja yakavidhoofisha. Haiti nayo, baada ya tetemeko la Januari 2010, hela nyingi za msaada ziliingia na sehemu ndogo mno ndo ilipita mikononi mwa taasisi za nchi yenyewe, kwahiyo mashirika yalipopunguza kazi hakukuwa na mfumo imara wa kuyapokea majukumu.

Na kuna mzigo mwingine ambao hauonekani kirahisi, makaratasi. Kituo kimoja kidogo kinaweza kuwa na daftari la mradi wa malaria, la mradi wa lishe, la mradi wa uzazi, kila moja na fomu zake na tarehe yake ya kutuma ripoti, na anayejaza yote ni nesi yuleyule anayetakiwa kupima wagonjwa. Muda anaojaza fomu ya nne yenye maswali yaleyale ya fomu ya kwanza ni muda wa mgonjwa. Hili jambo linaniuma kuliko mengi kwa sababu linazuilika kabisa, halihitaji hela mpya, linahitaji watu wazima wakae chini wakubaliane fomu moja.

Kwahiyo kushirikiana kwa kweli kunaonekanaje? Kuna ngazi. Ngazi ya chini ni kujuana tu, mnakutana, mnapeana taarifa, mnaondoka. Sio vibaya ila haibadilishi kitu kwa mgonjwa. Ngazi ya kati ni kugawana, wewe chukua kata hizi mimi hizi, wewe mafunzo mimi usafiri. Ngazi ya juu ndo ngumu, ni pale wote mnapokubali kufuata mpango mmoja ambao sio wa shirika lenu. Mwaka 2004, kwenye mapambano dhidi ya UKIMWI, ambako wafadhili walikuwa wengi mpaka vurugu, UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI, na wafadhili wakuu walikubaliana kitu kilichoitwa "moja tatu": mpango mmoja wa kitaifa, chombo kimoja cha kuratibu, na mfumo mmoja wa kufuatilia matokeo. Utekelezaji wake haukuwa mtelemko, lakini kama unataka kipimo cha haraka cha ushirikiano wowote ule, uliza hayo matatu. Kama kila shirika lina mpango wake na ripoti yake, hapo hakuna ushirikiano, kuna ujirani.

Liberia ni mfano mzuri wa ngazi hii ya juu. Baada ya Ebola ya 2014 na 2015 nchi ilikuwa na wataalamu wachache sana na vijiji vingi vilivyo mbali. Kabla ya hapo mashirika mbalimbali, likiwemo Last Mile Health lililoanza huko mwaka 2007, yalikuwa yameshajaribu kuwafundisha na kuwalipa watu wa vijijini wawe wahudumu wa afya. Mwaka 2016 serikali ikazindua programu moja ya taifa, ikasema wahudumu hawa watahudumia jamii zilizo zaidi ya kilomita 5 kutoka kituo cha afya, mafunzo yatakuwa ya aina moja, malipo na usimamizi vitafuata utaratibu mmoja, na mashirika yakagawana maeneo ndani ya programu hiyo. Shirika likitaka kusaidia linakuta njia imeshachorwa. Linaweza kuleta hela na ujuzi, ila haliji na aina yake ya mhudumu na posho yake ya kuwavuta wa mwenzake.

Bangladesh nao wana historia ndefu. Shirika la BRAC lililoanzishwa 1972 lilitumia miaka ya 1980 yote kupita nyumba kwa nyumba likiwafundisha akina mama kutengeneza maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha, kaya zaidi ya milioni 12, na wafundishaji walilipwa kutokana na kile ambacho mama alikumbuka alipokuja kuulizwa baadae, sio kwa idadi ya nyumba walizopita. Huo ulikuwa ubunifu wa shirika lenyewe. Lakini kwa kifua kikuu walifanya tofauti, mwaka 1994 waliingia makubaliano na mpango wa taifa wa kifua kikuu: serikali ilete dawa na vifaa vya maabara, BRAC ilete wanawake wa kujitolea wanaoishi jirani na mgonjwa wamwone akimeza dawa kila siku. Serikali ina dawa ila haina mtu kila kijiji, shirika lina mtu kila kijiji ila halina dawa. Yaani kila mmoja alileta kile ambacho mwenzake hana, na ukifikiria vizuri hiyo peke yake ndo sababu ya maana ya kushirikiana.

Ila mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa usubi, ule ugonjwa unaopofusha macho unaosambazwa na inzi weusi wadogo wanaozaliana kwenye mito yenye maji yanayokwenda kasi. Mwaka 1987 kampuni ya dawa ya Merck ilitangaza itatoa ivermectin bure kwa ugonjwa huu kadri itakavyohitajika. Dawa ipo, bure, inamezwa mara moja au mbili kwa mwaka. Mtu angedhani tatizo limeisha hapo. Kumbe dawa ya bure iliyoko bohari na mgonjwa aliyeko kijijini kando ya mto ni vitu viwili tofauti. Mwanzoni zilitumika timu za magari kupita vijijini, gharama zilikuwa kubwa na mara nyingi timu inafika watu wako shambani. Mwaka 1995 ukaanza mpango wa Afrika wa kudhibiti usubi, ndani yake wakiwepo wizara za afya, Shirika la Afya Duniani, Benki ya Dunia, mashirika yasiyo ya kiserikali na hiyo kampuni, na wakabadilisha njia: kijiji chenyewe kinaamua dawa zigawiwe lini, kwa mtindo gani, na kinachagua mgawaji wake. Mgawaji hahitaji mzani, anatumia fimbo yenye alama, urefu wa mtu unaonyesha idadi ya vidonge. Mashirika yalibeba sehemu kubwa ya mafunzo na ufuatiliaji, wizara zilibeba uongozi. Mpango huo ulipofungwa mwaka 2015 watu zaidi ya milioni 100 kwa mwaka walikuwa wakipata dawa.

Hapo ndo ile ahadi ya Alma-Ata inarudi. Wanajamii hawakualikwa kuja kusikiliza, walipewa uamuzi. Ushirikiano mwingi unaouona unahusisha mashirika, wizara, wafadhili, na wanajamii wanahesabiwa kama "walengwa", wakati wao ndo wanajua siku gani watu wako nyumbani, njia gani haipitiki mvua ikinyesha, na ni nani watu watamfungulia mlango. Ukiwaacha nje ya meza unapanga ukiwa umefumba macho.

Sasa tuje kwenye dhana chache ambazo nazisikia kila mara.

Ya kwanza ni kwamba wahudumu wa afya ya jamii wanatakiwa kujitolea, kwamba ukiwalipa moyo wa huruma unaisha. Hapana. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2018 kuhusu wahudumu hawa inapendekeza walipwe kulingana na ugumu wa kazi, idadi ya saa, mafunzo na majukumu yao, na inashauri malipo yao yasitegemee idadi ya kazi walizofanya peke yake au karibu peke yake. Mtu anayetembea juani kutwa nzima kutafuta watoto wasiochanjwa anafanya kazi, na wengi wao ni wanawake ambao kazi yao imekuwa ikichukuliwa kama kitu cha bure toka zamani. Kujitolea kwa saa chache kwa mwaka, kama wale wagawaji wa ivermectin, ni jambo moja, kumpa mtu majukumu ya kila siku bila malipo ni jambo jingine kabisa na watu waache kuyachanganya.

Ya pili, kwamba kushirikiana ni mashirika kuungana yawe kitu kimoja. Sio lazima, na mara nyingi sio vizuri. Kikundi kidogo cha watu wanaoishi na VVU kinajua mambo ambayo shirika kubwa halitajua kamwe, kikimezwa ule ujuzi unapotea. Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, ulioanza 2002, unazitaka nchi ziwe na kamati ya pamoja ambamo serikali, mashirika ya kiraia na watu wanaoishi na magonjwa yenyewe wanakaa kuandaa ombi la fedha. Kila mmoja anabaki yeye. Wasiwasi wa wadogo lakini ni wa haki, kwa sababu kukaa mezani sio sawa na kusikilizwa, na kikundi kisicho na mhasibu wala mtu wa kuandika maandiko marefu ya miradi kinaweza kukaa kamati nzima bila kupata hata senti. Mashirika makubwa yanayosema yanashirikiana na wadogo yaulizwe hili waziwazi, mnawapa sehemu gani ya bajeti, na je mnawalipia gharama za ofisi au mnawapa shughuli tu?

Ya tatu, kwamba NGO zikifanya kazi vizuri serikali inaweza kupumzika. Hii ni hatari. Shirika linaweza kumaliza mradi likaondoka na hakuna atakayelidai, serikali haiwezi kuondoka. Mwaka 2008 mashirika kadhaa yenyewe yaliandika kanuni za maadili kuhusu kuimarisha mifumo ya afya, wakaahidi kutochota wataalamu wa serikali kwa mishahara isiyolingana, kupunguza mzigo wa ripoti, na kujenga uwezo wa wizara badala ya kuipita pembeni. Ni hiari tu, hakuna polisi wa kuzisimamia, lakini zina faida, unaweza kumshika mtu kwa maneno yake mwenyewe.

Kuhusu takwimu nitapita haraka. Zaidi ya nchi 70 zinatumia DHIS2, mfumo wa kompyuta wa kukusanya takwimu za afya, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na uliokua kutokana na kazi iliyoanzia Afrika Kusini miaka ya 1990, kwahiyo pahala pengi daftari la pamoja la kielektroniki lipo tayari. Kinachokosekana ni utayari wa shirika kuacha mfumo wake.

Na hapo tunafika kwenye kitu ambacho watu hawapendi kukisema. Kushirikiana kunagharimu. Shirika linalojiunga kwenye mpango mmoja linapoteza uhuru wa kuchagua eneo, linapoteza nembo kubwa ukutani, linashindwa kumwambia mfadhili "hawa watoto elfu kadhaa ni wetu sisi" kwa sababu matokeo ni ya wote. Mfadhili anayetaka hesabu za shirika moja moja ndo anayelazimisha mashirika kushindana, hata kama kwenye hotuba anahimiza umoja. Ndo maana mimi siamini makubaliano ambayo hakuna aliyeacha kitu.

Mashirika mengi yanapanga kuingia na hayapangi kutoka, na 2025 imetuonyesha kutoka kwa ghafla kukoje, kliniki zimefungwa na wahudumu wameambiwa wasije kesho. Kuna namna nyingine. India, mpango wa Avahan wa kuzuia VVU ulioanzishwa 2003 na taasisi ya Bill na Melinda Gates ulikabidhiwa kwa serikali kwa awamu kuanzia 2009. Sio siku moja, ni miaka, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kushusha gharama na kurekebisha taratibu zilingane na zile ambazo serikali inaweza kuzibeba. Kama mradi unamlipa mhudumu mara tatu ya kiwango cha serikali, siku ya makabidhiano huyo mhudumu hatabaki, na mgonjwa wake naye atapotea.

Kwahiyo ukialikwa kwenye kikao cha kutambulisha mradi mpya wa afya kwenu, au wewe mwenyewe ndo unaanzisha shirika, anza na maswali haya kabla ya kuuliza bajeti ni kiasi gani. Mpango huu uko ndani ya mpango wa wilaya au uko pembeni? Nesi ataongezewa fomu ngapi, na ipi itaondolewa? Nani tayari yuko kwenye kata hii na mmeongea nae lini? Wanakijiji wana uamuzi juu ya nini hasa? Na mradi ukiisha nani atamlipa mhudumu, kutoka fungu lipi, na je huyo atakayemlipa yupo humu kwenye kikao?